Tupeane uzoefu: gari lilipokuchemkia njiani, ugonjwa ulikuwa wapi?

Mleta uzi, Iringa

Habari zenu wadau. Wiki hii jirani yangu amekuja mara tatu kuniomba maji ya rejeta, na kila akija anasema gari lake "linakunywa maji". Nimemwambia na narudia hapa: gari zima halinywi maji. Mfumo wa kupoza injini umefungwa kila upande, maji yanazunguka humo humo. Yakipungua, kuna mahali yanatokea, na ni lazima pajulikane kabla pesa haijatoka. Naomba kila aliyewahi kuchemsha aeleze dalili alizoziona na mwisho wake ikawa nini.

Yangu ni hii. Mwezi wa 12 natoka Dar na gari langu Toyota Carina, mimi, mke wangu na watoto wawili. Tumepita Ruaha Mbuyuni saa nane mchana, kiyoyozi kimewashwa, tukaanza kupanda Kitonga nyuma ya semitrela lililokuwa linakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Katikati ya mlima nikasikia harufu tamu, kama sukari inayoungua. Nikautazama mshale wa joto: umeshapita nusu na unapanda. Pa kusimama hakuna, nyuma nimefuatwa na basi, nikasema nimalize kona hizi nipaki juu. Mshale ukakaribia mwisho kabisa, halafu ukaanza kushuka wenyewe. Nikamshukuru Mungu, nikakanyaga mafuta.

Kumbe ulishuka kwa sababu maji yalikuwa yameisha. Ile sensa inapima joto la maji, yakikauka inabaki kwenye hewa na kusoma uongo. Injini ilizima yenyewe mita chache kabla ya kumaliza mlima. Nilipofungua boneti, mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umepasuka pale klipu inapobana, mpasuko wa urefu wa ukucha.

Gereji hedi (kile kichwa cha injini) ilipotolewa fundi akaisafisha, akalaza rula ya chuma juu yake na kuniita nichungulie. Mwanga ulikuwa unapenya katikati. Hedi imepinda. Mpira ulikuwa wa Sh 20,000, lakini kuplenisha hedi (kuisawazisha), gasketi inayoziba kati ya hedi na injini, oili na kazi vilifika Sh 640,000. Na kwa wiki mbili kabla ya safari nilikuwa naona matone asubuhi chini ya gari, nikidhani ni maji ya kiyoyozi. Maji ya kiyoyozi hayana rangi wala harufu, na hayatoki gari likiwa limelala usiku kucha.

Dada wa Korogwe

Asante kaka kwa uzi huu, umenikuta na tatizo mkononi. Nina Passo, dashibodi yake haina mshale, ni taa tu: ya bluu injini ikiwa baridi, nyekundu ikizidi joto. Mwezi uliopita nyekundu iliwaka Segera, nikazima palepale. Tangu hapo maji yanapungua kama lita moja kila baada ya siku tatu nne, na chini pakavu kabisa. Fundi wa kwanza kabadilisha rejeta. Wa pili katoa themostati (vali inayofungulia maji kwenda rejeta injini ikipata moto) na kuitupa, akasema huku kwenye joto haina kazi. Sasa wa tatu anasema gasketi ya hedi imeungua, tushushe hedi. Sina moshi mweupe wa kuonyesha hivyo. Naombeni msaada kabla sijatoa hiyo hela.

Nairobi

Poleni sana. Mimi yangu ilikuwa Mombasa Road, nikirudi mjini na pikapu ya dizeli, mzigo kiasi. Barabara tambarare hakuna shida, lakini tukifika mahali paitwapo Salama, malori yamejipanga mlimani, temperecha inapanda. Nikishika mwendo inashuka. Feni ya hii gari haitumii umeme, inazungushwa na injini kupitia klachi yake ya mafuta. Makanika alizima injini ikiwa moto, akazungusha feni kwa kidole: ikazunguka kama pangaboi. Inatakiwa ikiwa moto iwe nzito. Klachi ilikuwa imekufa. Tulibadilisha hiyo peke yake na shida ikaisha.

Fundi, Mwanza

Niko kwenye kazi hii tangu 1994. Huyo wa Nairobi amegusa jambo ambalo mafundi wengi wanaliruka: kabla ya kufungua nati, muulize mwenye gari linachemka WAKATI GANI.

Likichemka kwenye foleni na kupoa ukishika mwendo, anza na feni. Gari likikimbia, upepo wa barabarani unaifanyia feni kazi yake; likisimama, feni yenyewe ndiyo tegemeo. Kwa feni ya umeme, washa kiyoyozi, kwa gari nyingi lazima nayo iwake. Isipowaka tazama fyuzi, relei, soketi, kisha mota. Na ukishabadilisha mota weka karatasi mbele ya rejeta uone kama inavutwa. Nimepokea gari mbili ambazo nyaya ziligeuzwa, feni inasukuma hewa kwenda mbele, inashindana na upepo wa safari.

Likiwa zuri mjini ila linachemka mlimani au kwenye mwendo mrefu, hapo maji hayazunguki vya kutosha: rejeta imeziba ndani, themostati haifunguki yote, au pampu imekula mapanga yake. Shika mpira wa juu na wa chini kwa tahadhari injini ikishapata moto. Wa juu unaunguza na wa chini baridi, maji hayapiti.

Likichemka dakika chache baada ya kuwasha, mipira inakuwa migumu kama jiwe injini bado haijapata moto, hapo ndipo nafikiria gasketi.

Sasa binti yangu wa Korogwe. Usishushe hedi bado. Asubuhi gari likiwa baridi kabisa fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji mpaka mdomoni, mtu awashe injini, wewe tazama. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyobaki. Yakiendelea kuja mfululizo kama sufuria ya uji, ni gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Kisha chomoa stiki ya oili, ufungue na mfuniko wa oili: ukiona kitu kama maziwa ya chai, maji yameingia kwenye oili. Pasa mkono kwenye kapeti upande wa abiria, kama pamelowa na kunata, hita ndiyo inavuja. La mwisho, chukua tochi uangalie chini ya pampu ya maji. Pana kitundu kidogo cha makusudi, sili ikichoka maji yanatokea hapo. Injini ikiwa moto yanakauka kabla hayajafika chini, lakini yanaacha ukoko.

Na themostati irudishwe. Ile si ya nchi za baridi. Injini imepangwa ifanye kazi kwenye joto lake, ikikosa themostati inachelewa kupata moto, inakula mafuta, na kwa injini zenye njia ya pembeni, maji mengine yanazunguka bila kupita kwenye rejeta, kwa hiyo mlimani unaweza kuchemsha zaidi.

Mbeya

Naomba nikazie habari ya mfuniko, watu wanaudharau. Huku tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 94 tu. Mfuniko wa rejeta ndio unaoyabana yasichemke mpaka yakaribie 120. Mpira wake ukikauka au springi ikilegea, gari linachemsha na kila kitu kingine kizima. Mimi nilibadilisha themostati na pampu kabla ya mtu kuniambia ninunue mfuniko mpya wenye namba ileile ya presha, 1.1.

Na wenye Noah za zamani, zile injini iko chini ya viti vya mbele: ukimwaga maji yote, hewa inanasa kwenye mabomba marefu yanayopita chini. Utajaza, rejeta itaonekana imejaa, kumbe ndani pana shimo la hewa. Inua pua ya gari kwenye mwinuko, fungulia hita hadi mwisho, injini iungurume polepole huku unaongeza. Hita ikitoa hewa ya moto kweli, maji yamefika.

Maskati

Salaam kutoka Omani. Huku kiangazi joto la nje linapita nyuzi 45 na kiyoyozi hakizimwi. Mimi nilikuta vumbi na mabawa ya nzige yamejaa katikati ya kondensa (ile rejeta ya kiyoyozi iliyo mbele) na rejeta, kwa nje huoni kitu. Tulisogeza kondensa, tukapiga maji polepole kutoka upande wa injini. Kutwa nzima lilichemka, jioni likatulia. Na huku hakuna anayetia maji ya bomba, ni kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) au maji yaliyosafishwa. Maji ya kisima yenye chumvi yanajenga magamba ndani ya rejeta mpaka tundu zinaziba.

Mleta uzi, Iringa

Nashukuru sana, fundi hasa. Swali moja, barabarani taa ikiwaka na pa kusimama hapajapatikana, tufanyeje?

Fundi, Mwanza

Zima kiyoyozi, fungulia hita na feni ya ndani mpaka mwisho, fungua vioo. Mtaungua miguu, lakini hita ni rejeta ndogo, inatoa joto kwenye injini. Hiyo ni ya mita mia chache tu za kutafuta pa kupaki, si ya kumalizia safari. Ukisimama zima. Mfuniko usiuguse mpaka uweze kushika mpira wa juu kwa kiganja bila kuruka, mara nyingi ni zaidi ya nusu saa. Nimemwona kijana aliyefungua mapema, uso wake hadi leo una kovu. Na msimwagie injini maji baridi, chuma cha moto kinapasuka.

Dada wa Korogwe

Shikamoo mzee wangu. Nimefanya yote leo alfajiri na kaka yangu. Mapovu yalikuja kidogo yakakoma. Oili safi. Kapeti kavu. Kwenye pampu, kaka amelala chini na tochi ya simu akaniita: kuna mstari wa ukoko wa waridi uliochanganyika na kutu, umeteremka kutoka kwenye kitundu mpaka kwenye mkanda. Nimempigia fundi wa tatu aje auone mwenyewe, akauona, akanyamaza kidogo, akasema hedi tuiache.

Fundi, Mwanza

Marahaba binti. Badilisha pampu na gasketi yake, angalia na mkanda kama umelowa kulanti, weka themostati mpya, kisha tupe majibu.

Dada wa Korogwe

Siku ya 9 leo. Nimekwenda Dar na kurudi, kiyoyozi kimewashwa njia nzima. Kwenye kopo la akiba niliweka alama kwa kalamu siku ya kwanza. Asubuhi hii maji yako palepale kwenye alama, na taa ya bluu inazimika dakika chache baada ya kuwasha.