Gari jipya linapoteza nguvu kwenye haiwei, gereji wanasema halina tatizo. Nifanyeje? (Houston, Texas)

MamaNuru
Habari zenu wapendwa. Mwaka jana nilichukua gari jipya kabisa kwa mkopo wa miaka sita, jina la kampuni naliacha. Lilipofika kama maili 5,000 visa vikaanza. Uko haiwei, taa zinawaka zote kwenye dashibodi, umekanyaga mafuta lakini gari halivuti. Unatafuta pa kujibanza huku malori yanakupita. Ukizima ukawasha linaenda kana kwamba si lenyewe. Wakala aliyeniuzia nimempelekea mara tatu: kwanza wakabadilisha sensa (kihisi), kisha wakaweka programu mpya, mara ya mwisho wakasema hawajaona kitu. Sasa lina maili 19,000 na wiki iliyopita limerudia, mtoto yuko kiti cha nyuma.

Shemeji yangu wa California anasema nitafute wakili wa Lemon Law, yaani sheria ya magari mapya yenye ubovu usioisha, sitalipa hata senti. Mwenzangu kazini anasema nisubiri zitimie mara nne za kulipeleka gereji. Mume wangu anataka tulibadilishe tu kwa jingine. Nani anaijua sheria ya huku?

Mzee wa Sacramento
Pole sana dada. Shemeji yako yuko sahihi, kwa huku kwetu California. Sheria ya Song-Beverly ya 1970 inasema ukishinda, kampuni ndiyo inamlipa wakili wako. Ndiyo maana matangazo ya mawakili hao hayaishi.

Dereva_Dallas
Ya California yaacheni California. Kila jimbo lina sheria yake. Texas unapeleka malalamiko TxDMV, idara ya magari ya jimbo, ada dola 35, na unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili.

Hizo mara nne ni kwa ubovu wa kawaida, ndani ya miezi 24 au maili 24,000. Ubovu unaohatarisha maisha ni mara mbili. Gari kupoteza nguvu katikati ya malori kama si hatari, sijui hatari ni ipi! Usisubiri ya nne. Iandikie kampuni iliyotengeneza gari, si wakala, kwa barua ya rejista, uwape nafasi moja zaidi ya kutengeneza. Hiyo barua watu wengi wanairuka.

MamaNuru
Asante kaka. Lakini karatasi ya mara ya tatu imeandikwa tu "hakuna tatizo". Si wataitumia kunikana?

Fundi Salumu
Nafanya kazi gereji ya wakala (si Texas), nikwambie yanavyokwenda. Anayeandika karatasi si fundi, ni yule wa mapokezi, na anafupisha. Leo ataandika "taa inawaka", kesho "gari linatetemeka", keshokutwa "mteja anataka sevisi". Mbele ya msikilizaji wa shauri kampuni itasema hayo ni matatizo matatu tofauti, kila moja tulilishughulikia mara moja. Kwa hiyo kabla hujasaini soma mstari wa lalamiko lako, na sentensi iwe ileile kila safari: linapoteza nguvu likiwa kwenye mwendo. Wakikataa kuandika, usiwaachie ufunguo.

"Hakuna tatizo" isikutishe. Muhimu karatasi ionyeshe ulilipeleka, tarehe, maili, na ulichosema. Omba pia wakuchapishie makosa yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari kabla hawajayafuta. Na likirudia, aliye pembeni arekodi video, wewe shika usukani.

BintiKisauni
Mwambie shemeji yetu mumeo asubiri. Ukilibadilisha sasa, deni linalozidi thamani ya gari linahamia kwenye mkopo mpya, na huna tena gari la kudai lirudishwe. Na marejesho ya benki msiache kulipa hata mkiwa na hasira, hapo mtaharibu rekodi yenu bure.

Kijana wa Tabata
Sisi huku tunaagiza mitumba Japani, likifika bovu unamdai nani, meli? 😂

Mzee wa Sacramento
Usicheke kijana, hata huku mitumba ina shida. Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ya California iliamua kuwa gari lililotumika, hata likiwa na waranti iliyobaki ya kiwandani, kwa sheria hiyo halihesabiwi kuwa jipya.

MamaNuru
Na wakikubali, narudishiwa fedha zote?

Dereva_Dallas
Hapana, kuna makato ya maili ulizotumia. Texas wanachukulia uhai wa gari ni maili 120,000 na kupiga hesabu kutoka hapo. Benki inalipwa kwanza, kinachobaki ndicho chako.

Angalia pia odomita yako. Dirisha la malalamiko linafungwa miezi sita baada ya maili 24,000, miezi 24 au mwisho wa waranti, lolote litakalotangulia. Wewe uko 19,000.

MamaNuru
Barua naiandika leo usiku nikirudi zamu. Mwenye mfano wa barua aliyoituma mwenyewe anitumie inbox tafadhali.