Sindano ya wiki tatu, sindano ya kila wiki au jeli: ipi inatuliza hisia?

Furu_wa_Kirumba
Habari wakuu. Mnaotumia testosteroni, homoni ya kiume, kama mimi niliyezaliwa na mwili wa kike, naomba mnisaidie kulinganisha, maana daktari ameniachia nichague na siku ya kliniki inakaribia.

Kwa sasa nachomwa ile ampuli ya miligramu 250 yenye mchanganyiko wa testosteroni aina nne, kila baada ya wiki tatu. Mwili sina ugomvi nao: sauti imeshuka, hedhi imekata. Hisia ndizo zinanivuruga. Siku mbili tatu baada ya sindano nina nguvu za ajabu, natania kila mtu pale Mwaloni, nabeba hadi magunia yasiyo yangu. Wiki ya tatu ikiingia hata salamu inanichosha. Juzi mteja wa kutoka Kongo alichota dagaa kiganjani, akawarudisha, akasema wana mchanga. Maneno ya kawaida kabisa ya sokoni, kila mnunuzi anayasema ili ashushiwe bei. Nilisikia joto linapanda toka tumboni hadi masikioni, nikamfungia gunia mbele ya uso wake. Zamani ningemjibu kwa utani na angenunua.

La pili ni machozi. Tulimzika bibi kule Misungwi, bibi aliyenilea, na sikutoa hata chozi. Uchungu ulikuwepo, koo limekaza, kifua kimebana, ila macho makavu. Shangazi mmoja akasema kwa sauti kwamba nina moyo wa jiwe. Wakati mimi nilikuwa natamani kulia kuliko wote pale.

Nimepewa njia tatu: nibaki hivi hivi, dozi igawanywe niwe nachoma kidogo kila wiki, au jeli ya kupaka kila siku. Nani amezipitia?

Msimamizi
Karibuni. Kama kawaida: msitaje kliniki, daktari wala mtaa mnaoishi. Mnajua hali ilivyo.

Kaka_Nyegezi
Pole kwa msiba, mdogo wangu. Hapo kwenye wiki ya tatu umenieleza mimi mwenyewe wa zamani. Dawa hiyo inapanda ndani ya siku moja au mbili, halafu inashuka taratibu, na ikikaribia siku ya 21 imebaki kidogo. Unakuwa unapanda mlima na kuteremka kila mara, na hasira inakukuta kwenye mteremko.

Nilihamia kila wiki, dozi ndogo, chini ya ngozi ya tumbo. Sindano yenyewe nyembamba, haiumi kama ya tako. Kilichobadilika kwangu ni kwamba siku zilianza kufanana. Zile siku za kujiona simba zilikwisha pia, nisikufiche, na kuna wakati nazikumbuka. Lakini mke wangu hazikumbuki hata kidogo.

Dada_wa_Igoma
Mimi nipo upande wa pili, nilizaliwa na mwili wa kiume na natumia estrojeni, homoni ya kike, ila nichangie hapo kwenye machozi. Kabla ya homoni, kila kitu kwangu kilitoka kama hasira: nikiogopa nakasirika, nikihuzunika nakasirika. Sasa huzuni inakuja kama huzuni. Juzi konda wa daladala alimsamehe bibi mmoja nauli pale Buzuruga, akamshikia na kapu lake la michembe. Nililia hadi Igoma. Abiria wakadhani nimefiwa.

Nimeanza na vidonge vya kuweka chini ya ulimi. Hivyo vinapanda haraka na kushuka haraka, na mimi nilikuwa navisikia. Viraka vya kubandika kwenye ngozi vina utulivu zaidi, ila kwa joto letu na jasho la mchana vinabanduka vibaya. Nimebaki na jeli. Na kwa dada zangu: kama mnapewa cyproterone, ile dawa ya kuzuia testosteroni, na dunia imeanza kuwa giza, mwambieni daktari mapema. Kushuka kwa moyo ni madhara yake yanayojulikana, msidhani ndivyo estrojeni ilivyo.

Nesi_wa_Zamu
Mjadala mzuri, niongeze kidogo. Mabadiliko ya hisia huwa miongoni mwa yale ya mwanzo, wakati sauti au matiti yanachukua miezi na miaka. Kuhusu hasira na testosteroni, tafiti hazikubaliani. Baadhi ziliona ongezeko miezi ya kwanza ambalo halikuendelea. Kwa hiyo usijihukumu kwamba ndivyo utakavyokuwa maisha yako yote.

Ila tusiipe homoni kila kesi. Huku Kanda ya Ziwa mtu akichoka, akawa mkali na hana hamu ya kula, kwanza apime malaria. Kisha wingi wa damu, kwa sababu testosteroni huongeza chembe nyekundu na damu inakuwa nzito. Mwaka wa kwanza hupimwa kama kila miezi mitatu. Wenye selimundu kwenye familia, na kwetu ni wengi, mseme kabla ya kuanza dawa yoyote kati ya hizi.

Andika kwenye kalenda siku ya sindano na siku ya hasira. Zikifuatana mizunguko miwili au mitatu, umepata jibu la kumpelekea daktari. Zisipofuatana, tafuta kwingine. Na usijigawie dozi mwenyewe nyumbani.

Jirani_Kisumu
Niko ng'ambo ile ya ziwa. Mbona hakuna aliyetaja undecanoate, ile testosteroni ya sindano inayokaa muda mrefu mwilini? Miligramu 1000, baada ya dozi mbili za mwanzo unachomwa kila wiki 10 hadi 14. Mimi ndiyo ninayotumia na hisia zimetulia tuli. Shida ni bei, na ni mafuta mengi, lazima uchomwe polepole kliniki. Kama pesa si tatizo, hiyo ndiyo bora.

Kaka_Nyegezi
Pesa si tatizo kwa muuza dagaa? Haya.

Msukuma_Mpole
Mimi niseme tofauti. Sikuona badiliko lolote la hisia. Hasira zangu ni zile zile, za mama mtupu. Kilichoongezeka ni usingizi, kwa sababu sikuwa tena na ule wasiwasi wa kujitazama kwenye kioo. Machozi yangu yanatoka vizuri tu, Simba wakifungwa mnaniona.

Furu_wa_Kirumba
Asanteni sana. Nimefungua kalenda, na yule mteja wa Kongo alikuja siku ya 19. Ugomvi na dada yangu wa kabla ya hapo ulikuwa siku ya 20. Sasa swali la jeli: naishi na dada, ana mtoto wa miezi michache na mimi ndiye ninayembeba jioni akipika. Kuna shida?

Nesi_wa_Zamu
Ipo. Jeli inaambukizana kwa ngozi, na kwa mtoto mchanga si mchezo. Lazima usubiri ikauke, ufunike kwa nguo, unawe mikono kwa sabuni, kila siku bila kusahau. Mtu anayebeba mtoto kila jioni ningemshauri sindano.

Furu_wa_Kirumba
Basi ya kila wiki. Kaka Nyegezi, machozi je, yalirudi ulipohama?

Kaka_Nyegezi
Kidogo. Si kama zamani. Mimi nalia nikiwa peke yangu nikimwongelesha marehemu kwa sauti, kimya kimya hayatoki. Nenda Misungwi siku shangazi hayupo, ukae kaburini umweleze bibi habari zako zote, na hiyo ya mteja usiiache.