Kazi nzito ya simu: ifanyike mkononi au ipelekwe klaudi? Mjadala wazi

MWENYE MADA, MWEMBE TAYARI

Salaam aleikum wote. Mie nauza spea za pikipiki na tuktuk hapa Mwembe Tayari, Mombasa, si mtu wa kompyuta, lakini hili jambo limenikaa rohoni nataka tulijadili wazi. Kuna apu naitumia kwa hesabu za duka, unapiga picha risiti ya mwenye jumla, yenyewe inasoma vitu na bei inaingiza kwenye daftari lake. Mwanzo ilikua inasoma ndani ya simu, hata siku ambayo sina bando. Mwezi uliopita ikaapdeti, sasa kila picha inapelekwa kwanza klaudi, yaani kwenye kompyuta kubwa za watu huko mbali, isomwe huko alafu majibu yarudi. Kwenye maelezo wameandika tu kwamba sasa inasoma vizuri zaidi. Na ni kweli, sisemi uongo, hata mwandiko wa yule jamaa wangu wa jumla ambao mie mwenyewe hunishinda, inausoma.

Lakini picha moja ya simu yangu ni kama MB 3, nikifunga duka nina risiti 30, hapo MB 90 zishaenda kwa ajili ya maneno ambayo ukiyaandika tu kama meseji hayafiki hata MB moja. Bando nanunua mie, betri ni yangu, na hakuna alieniuliza. Tena mie nakaa Likoni, hesabu zangu huzifanya njiani, na saa kumi na mbili jioni pale feri na ule umati netwaki inakua haina hali, picha inazunguka inazunguka mpaka nafika ng'ambo na risiti mbili tu zimepita.

Swali langu: apu zinazoletwa kwetu zilazimishwe kufanya kazi ndani ya simu pale inapowezekana, na klaudi iwe kwa ruhusa ya mwenye simu? Mie nasema ndio, ilazimishwe. Nipingeni.

WA BAMBURI, NAANDIKA PROGRAMU

Waleikum salaam mama, shikamoo. Nakuelewa lakini neno "ilazimishwe" nalikataa. Angalia simu za watu wengi hapa, RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni GB 2 au 3. Modeli, yaani programu iliyofundishwa kwa mifano mingi, ya kusoma mwandiko mbaya kama huo wa mtu wako wa jumla haiingii humo, na ikiingia simu inaganda. Ukifunga mlango wa klaudi maana yake huduma nzuri aipate mwenye simu ya laki moja peke yake, na mwenye itel asome risiti kwa macho. Klaudi ndio inayomfanya mwenye simu ndogo awe sawa na mwenye simu kubwa, na mie hilo nalipigania.

Hesabu yenyewe ni ya vitu viwili, kazi ni nzito kiasi gani na mzigo wa kubeba ni mkubwa kiasi gani. Chukua mchezo wa bao. Mashimo 32, kete 64, ukitaka kuieleza seva, yaani kompyuta ya huko klaudi, bao limekaaje sasa hivi unatuma namba 32 basi, ni kitu kidogo kuliko meseji ya kuomba kupigiwa simu. Lakini kutafuta mtaji mzuri, yaani hatua ya kula kete, kwa kuangalia mbele hatua nane tisa, hiyo ni kazi ya kuchemsha simu. Hapo kupeleka klaudi ni faida tupu. Risiti yako ni kinyume, mzigo mkubwa kazi ndogo, maana zile zilizopigwa chapa simu yoyote ya kawaida inazisoma yenyewe. Wangeiacha simu isome, ikishindwa na mwandiko ndio itume, tena baada ya kukata picha na kuipunguza mpaka KB 200 hivi. Alieandika hiyo apdeti alifanya uvivu, hapo niko na wewe.

Na hili si jambo jipya. Mwaka 2010 watafiti wa Microsoft na wenzao walitengeneza mfumo ukiitwa MAUI, programu yenyewe inapima wakati inatembea, kipande hiki nikifanye hapa hapa au nikitume, kulingana na betri na netwaki ilivyo dakika hiyo. Na walionyesha kwamba seva ikiwa mbali faida ya betri inapungua. Kwa hivyo jibu halitakua moja kwa kila kazi na kila mahali, ndio maana sheria ya kulazimisha inanitisha.

FUNDI SIMU, KISAUNI

Mie niongeze la betri tu kwa sababu watu hawalijui. Simu ikishatuma kitu, redio yake hailali hapo hapo, inabaki macho sekunde kadhaa ikingoja kama kuna kingine. Sasa apu inayotuma kimoja kimoja kila baada ya nusu dakika inaifanya isilale kabisa, na pale netwaki ni hafifu, kama hapo feri, simu inapaza nguvu zaidi ili isikike kwenye mnara. Watu wananiletea simu wanasema betri imekufa, naipima naona betri nzima, apu ndio inakula. Dada, zima ruhusa ya apu kutumia data nyuma, yaani wakati hujaifungua, ukifika nyumbani kwenye waifai tuma zote kwa mkupuo.

Ila na kufanya kila kitu ndani si bure. Joto letu hili la Januari mtu anaedit video kwenye simu juani, simu inapata moto inajipunguza kasi yenyewe, inakua kobe.

MWENYE MADA

Fundi ahsante, nimeizima leo. Wa Bamburi, marahaba mwanangu, la bao nimelielewa kabisa na la mwenye simu ndogo limenigusa, kwa sababu simu yangu ni hiyo hiyo ndogo.

Lakini umesahau kitu kimoja. Mei 2024, tarehe 12, nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika huko kusini upande wa Msumbiji na Afrika Kusini, na sisi Afrika Mashariki intaneti ikawa ya kutambaa. Nyaya hizo hizo zinatia nanga hapa Mombasa, zinapita chini ya maji yetu, na sisi tulikaa na simu mkononi kama kioo. Wakati ule apu yangu ilikua bado inasoma ndani, nikauza na kuandika kama kawaida. Ingekatika leo nisingeandika risiti hata moja. Ndio maana nikasema ilazimishwe, sisemi kila kazi, nasema kile ambacho simu ilikua inakiweza jana isinyang'anywe leo.

WA BAMBURI

Hilo sina jibu la kulipinga mama. Niseme tu kwamba klaudi si lazima iwe mbali. Kutoka hapa mpaka Cape Town, ambako Amazon walifungua vituo vyao vya klaudi 2020, ni kama kilomita 4,000, na mwanga ndani ya waya unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hivyo kwenda na kurudi ni milisekunde 40 hata waya ungenyooka kama rula, na haunyooki. Kumbe Mahadev Satyanarayanan wa chuo kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, na wenzake walishasema tangu 2009, weka kompyuta ndogo ya kusaidia pale pale mtaani watu walipo. Vituo vya data Mombasa vipo. Apu za watu wa Mombasa zingeweza kusaidiwa na mashine ya Mombasa.

Na kitufe cha kuchagua "soma ndani ya simu", kwa apu ambayo msomaji wa ndani ilikua nae tayari, ni kazi ya siku mbili. Shida ni kwamba kutunza njia mbili kunaongeza gharama kila mwezi, na wengine wanazitaka zile picha zibaki kwao wafundishie modeli.

MWENYE MADA

Wazibakishe? Kwenye risiti zangu mna majina ya wateja wa mkopo na namba zao za simu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imeweka masharti ya kupeleka taarifa za mtu nje ya nchi, na wale watu wangu hawakukubali chochote, walikuja kununua pleti za breki.

Basi nageuza swali. Nyie mnaoandika programu mko wengi humu. Kitufe ni kazi ya siku mbili, semeni wazi, ofisini kwenu ni nani anaekikataa na anasema nini.