Kiwango cha ukosefu wa ajira kimeshuka, lakini ajira zenyewe ziko wapi?

Ndugu wanajamvi,

Nimechoka kupongezwa kwa kazi ambayo sina. Kwa mara ya pili mwaka huu tumetangaziwa kwamba kiwango cha ukosefu wa ajira katika mji wetu na vitongoji vyake kimeshuka, na waliotangaza walijawa na bashasha kana kwamba kiwanda kimefunguliwa, ilhali kile kilichofungwa bado kina kufuli langoni.

Tufanye hesabu, maana ndipo ujanja ulipojificha. Chukueni watu 1,000 walio katika nguvukazi, yaani wenye kazi pamoja na wanaoitafuta, na 100 kati yao wawe hawana kazi: hiyo ni asilimia 10. Sasa 40 kati ya hao 100 wachoke kuzungusha vyeti na waache kutafuta. Kwa kanuni za takwimu zinazofuatwa na Shirika la Kazi Duniani, mtu asiyetafuta kazi hahesabiwi kuwa hana ajira, bali huondolewa katika nguvukazi yenyewe. Wanabaki 60 kati ya 960, yaani asilimia 6.25. Hakuna hata mmoja aliyeajiriwa, lakini kiwango kimeporomoka. Wakihamia jiji kubwa matokeo ni yale yale, na katika mji mdogo wanaohama ndio wengi.

Mimi mwenyewe nimewahi kuhojiwa kwa dodoso la takwimu hizi. Karani aliniuliza kama katika siku saba zilizopita nilifanya kazi yoyote ya malipo, hata kwa saa moja. Kwa kuwa nililelewa kusema kweli, nilimjibu kwamba Jumanne nilipakua mizigo kwenye lori kwa muda wa nusu asubuhi. Akatia alama, akageuza ukurasa. Hivyo ndivyo nilivyopata ajira.

Simlaumu karani, kwani kipimo cha saa moja hakikubuniwa naye, na kina sababu zake za kitaalamu. Ninaowalaumu ni wanaosoma tarakimu moja na kuzificha nyingine. Sampuli ya mji mdogo, yaani wale wachache wanaohojiwa kwa niaba ya wote, huwa finyu, kwa hiyo nusu asilimia inaweza kupanda au kushuka kwa bahati tu. Isitoshe, mji unaotegemea sekta moja huanguka wote kwa pamoja: Elkhart, mji wa Indiana nchini Marekani unaoishi kwa kuunda magari ya kupigia kambi, ulipita asilimia 15 mwanzoni mwa 2009, wakati wastani wa taifa hilo ulikuwa bado chini ya asilimia 10. Basi kutusomea wastani wa taifa ili tutulie ni dharau.

Niliiandikia ofisi husika nikiomba mambo matatu tu: uwiano wa walioajiriwa kwa watu wote wenye umri wa kufanya kazi, idadi ya walioacha kutafuta, na idadi ya wanaofanya kazi kwa saa chache kuliko wanazozihitaji. Takwimu hizo hutokana na dodoso lile lile, kwa hiyo hakuna gharama mpya ya kisingizio. Baada ya wiki sita nilijibiwa kwa kutumiwa nakala ya tangazo lile lile nililokuwa nikililalamikia, safari hii likiwa na muhuri.

Kama kuna mwanajamvi aliyewahi kuzipata takwimu hizo za mji wetu, aziweke hapa.