Kifua chabana kisha chaacha, naombeni ushauri

Msafiri_Likoni: Assalaam aleikum jamani. Nina miaka 41. Wiki ya tatu hii kifua chanibana, kisha chaacha. Siku mbili sina kitu, ya tatu hicho tena. Yaweza kuwa nini? Dawa ya vidonda vya tumbo nimekunywa, wapi.

MamaSwalha: Waaleikum salaam. Kiungulia hicho mwanangu. Mimi mwezi mzima nililalia mito miwili nikidhani nafa, kumbe ni bajia za futari.

Kombo_Tudor: Ukibonyeza mbavu pauma? Changu kilikuwa misuli. Nilibeba gunia la mchele nikijifanya kijana mbele ya wakwe.

NesiWaZamu: Chaja ukiwa wafanya nini?

Msafiri_Likoni: Hata sikumbuki vizuri.

NesiWaZamu: Kumbuka.

Msafiri_Likoni: Nikishuka feri, nikipanda ule mlima. Nikisimama kwa muuza madafu dakika tatu nne, chaachia.

NesiWaZamu: Ukipanda chaja, ukipumzika chaondoka. Hapo mimi nauogopea moyo, mishipa yake haipitishi damu ya kutosha. Wavuta sigara?

Msafiri_Likoni: Niliacha. Ni muguka tu, yale majani ya jamii ya miraa, jioni.

Kombo_Tudor: "Tu"! Gavana wetu wa Mombasa alipoupiga marufuku 2024, mahakama ikasimamisha, nadhani wewe ndiwe uliyechinja mbuzi 😂

Msafiri_Likoni: Wazee wetu mtaani watafuna miaka thelathini, wazima.

NesiWaZamu: Uliowaona ni waliobaki. Muguka wapandisha presha na mapigo, na waweza kuibana mishipa hiyo hiyo. Kapimwe moyo wiki hii. Ukipimwa umetulia karatasi yaweza kutoka safi, kwa hivyo usisahau kumwambia daktari habari ya mlima. Kikikubana umekaa tu, ukatoka jasho, au maumivu yakashika taya au mkono, usingoje kuche.

Msafiri_Likoni: Nimeshaagana na mtu wa kuumika chuku, hijama hiyo, Ijumaa, na kianzio nimetoa. Hospitali baadaye.

Bin_Kisauni: Ngojeni kwanza. Juzi mwingine alilia mgongo humu humu, mwisho tukapewa namba ya mtu wa chuku. Huyu haumwi, atangaza biashara.

MamaSwalha: Nami nishamwombea dua!

Kombo_Tudor: Dua hairudishwi mama, muhamishie mgonjwa mwingine.

Msafiri_Likoni: Wallahi naumwa. Namba siwapi hata mkiiomba. Nesi, na huu muguka wa leo ushanunuliwa, niumalize au niutupe?