Uliyewahi kuchafuliwa na mwajiri wa zamani, ulijuaje na ulifanyaje? Tupeane uzoefu

Mzee wa Kimara Temboni
Wakuu salaam. Wiki iliyopita jamaa wa kampuni moja pale Mikocheni ananiuliza saizi ya buti na lini naweza kuanza. Jana kapiga, sauti imebadilika: "Kaka, bosi kasema tusitishe kwanza." Nauliza kulikoni, kakata. Kila nikifika hatua ya "tunawasiliana na mwajiri wako wa zamani" mambo yanafia hapo hapo. Naona kabisa kuna mtu ananisagia kunguni. Wenzangu mlijuaje?

Da Mwanaidi
Umenitonesha. Nilikuwa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi ilikuwa Posta. Mzigo ukapungua, wakataka nisaini kwamba upungufu ni wangu. Nikagoma, nikaachishwa. Nikajipa moyo, kazi naijua, TANSAD, ile hati ya forodha ya kutolea mizigo, naandaa huku nimefumba macho, sitakaa mtaani. Basi naitwa usaili, tunacheka na mabosi, naambiwa karibu sana. Kisha kimya. Au naambiwa nafasi imejazwa, halafu tangazo lile lile linarudi.

Shoga yangu aliye kampuni nyingine akanihurumia, akanitumia picha ya skrini. Kuna kundi la WhatsApp la mameneja wa hiyo kazi, wanaulizana bei na foleni za malori. Humo nipo mimi. Wamenikata kwenye picha ya sherehe ya kufunga mwaka, nimevaa kitenge cha ofisi, nimeshika sahani ya pilau, nacheka. Chini wameandika: "Huyu akija kwenu msimpokee, ana mkono mrefu." Vidole gumba vimejipanga, na wengine ndio hao hao walionisaili. Siku hiyo daladala ilinipitiliza Tandika sina habari.

Ngosha wa Sinza
Pole dada. Hayo makundi yapo, hata kwenye mahoteli.

Baba Duka Kariakoo
Lisemwalo lipo. Sisi wenye biashara lazima tuulizane. Ukimpa mtu stoo bila kuuliza alikotoka, utalia.

Da Mwanaidi
Lipo lipi? Polisi sikuitwa, barua ya tuhuma sikupewa, kikao cha nidhamu hakikukaa. Lipo lipi wewe?

Baba Duka Kariakoo
Nimesema kwa ujumla, usinivae.

Ngosha wa Sinza
Kwa ujumla huku unamjibu yeye? Hao vijana wako dukani unawapelekea michango NSSF?

Baba Duka Kariakoo
Hiyo anzisha mada yake.

Fundi Majokofu
Nyie mmechafuliwa, mimi niliuawa kabisa. Nilikuwa kiwanda kimoja barabara ya Nyerere, tukagombana na msimamizi kuhusu ovataimu, nikaondoka. Kila nikiomba kazi, holaa. Shemeji yangu ana sauti nzito ya kibosi, nikamwomba apige pale ajifanye anataka kuniajiri, aweke spika. Akauliza kwa heshima zote, "Huyu kijana atatufaa?" Msimamizi akanyamaza, kisha kwa upole: "Mzee, kumbe hamna habari? Huyo alishafariki." Shemeji ananikodolea macho, mimi na kikombe changu cha chai. Akauliza kwa ugonjwa gani. "Ghafla tu." Dada yangu aliyekuwa jikoni kusikia "alishafariki" akaangua kilio kabla hajauliza nani.

Ngosha wa Sinza
Ulizikwa Kinondoni au walikusafirisha?

Mama Chausiku
Na rambirambi kala nani?

Mzee wa Kimara Temboni
Jamani, mada yangu!

Wakili wa Tabata
Turudi kwenye mada. Ajira ikikoma, mwajiri anatakiwa akupe cheti cha utumishi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 44. Kidai kwa maandishi, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kinaonyesha ulifanya kazi pale hata kama msimamizi kakununia. Kuachishwa isivyo halali unapeleka CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Ukichelewa unaomba kwanza kuongezewa muda, uwe na sababu ya maana. Dada wa pilau, kwako kuna madai ya kashfa mahakamani, na kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kwa ile sheria ya 2022. Hiyo picha ya skrini usiikate, acha namba na tarehe zionekane.

Mama Chausiku
Akishitaki ndio kajimaliza. Mji huu mabosi wanajuana wote, watasema mkorofi. Mtafute msimamizi wako wa zamani ambaye naye alishahama pale, mweke awe mdhamini kwenye CV. Na usiku uwe unasali.

Wakili wa Tabata
Kwa hiyo anyamaze?

Mama Chausiku
Wewe utamlipia kodi ya nyumba kesi ikiendelea?

Kijana wa Vingunguti
Mzee wa Kimara, hakikisha kwanza. Binamu yangu alimlaani bosi wake mwaka mzima, kumbe namba ya simu kwenye CV ilikuwa ya laini iliyopotea.

Mzee wa Kimara Temboni
Mimi wananipigia, soma vizuri. Hilo la shemeji wa sauti nzito nalijaribu kesho.

Baba Duka Kariakoo
Fundi, friza langu haligandishi. Uko wapi?

Ngosha wa Sinza
Huulizi kwanza alikotoka?

Baba Duka Kariakoo
Alikotoka wamesema kafa, nitauliza nini tena?