Mtungi wa gesi umewahi kukutoa jasho? Tupeane uzoefu (Kigoma na Tabora karibuni)

Wakuu habari za jioni. Juzi nimenunua mtungi wa kilo 6 pale Mwanga nikampa boda aniletee Gungu, jamaa kaulaza kwenye keria kaukaza na mpira kama gunia la mkaa. Kufika nyumbani kuna kaharufu ka kitunguu kilichooza. Jirani akaja na kiberiti eti "ngoja tuone kama inavuja", nikamwambia kaka tafadhali rudi kwako 😂. Nikakoroga omo kwenye kikombe, nikapaka kwenye koki, vipovu vikaanza kuchemka taratibu pale shingoni. Usiku ule mtungi ulilala nje chini ya mwembe, yaani ulisimama nje, asubuhi nimeurudisha muuzaji ananiambia kuvuja kidogo ni kawaida. Nilichoka. Na nyie leteni ya kwenu.

Fundi wa Ujiji
Mkuu hiyo cha mtoto. Mi nachomelea huu mwaka wa 11, nina oksijeni na asetilini. Kuna dogo alikuja kujifunza, siku ya tatu nati ya regulata (kile kifaa cha kupunguza presha ya mtungi) ikawa ngumu akaenda kuchota grisi akaipaka kwenye nyuzi za mtungi wa oksijeni, nimeshtuka naona vidole vinang'aa, mkono mwingine uko kwenye koki anataka kufungua. Nilipiga kelele mpaka wateja wakakimbia. Oksijeni yenyewe haiwaki ila ikikutana na mafuta kwenye ile presha moto unakuja bila kiberiti, na mtungi ukijaa geji inasoma bar 150 na zaidi wakati tairi la gari ndogo ni bar 2 na kitu, sasa piga hesabu. Dogo nilimfukuza siku hiyo, kesho yake nikamrudisha, kumbe sikuwahi kumwambia, kosa langu.
Asetilini nayo usiilaze. Mule ndani gesi imeyeyushwa kwenye asetoni, ukilaza ukafungua inatoka na asetoni yake. Ikija imelala kwenye kirikuu naisimamisha masaa kadhaa naifunga mnyororo ukutani, mteja agombe tu.

Mama lishe Kibirizi
Jamani mimi niliponea kwenye kijiko. Asubuhi nimeingia jikoni sisikii harufu yoyote, kijiko kikadondoka, nainama kuokota ndo ikanipiga puani hiyo gesi! Kumbe inatambaa chini, nzito kuliko hewa, mimi nimesimama juu nanusa nini sasa. Na jiko la mkaa liko mlangoni lina moto wa chai. Nikafunga koki, nikamwambia mwanangu ondoa hilo jiko peleka kule mbali, taa sikugusa, tukakaa nje kama nusu saa wateja wananuna. Mpira ulikuwa umeliwa na panya. Tangu siku hiyo kila nikifungua nainama kwanza, watu wanadhani nasali.

Wa Isevya, Tabora
Dada pole sana. Umenikumbusha enzi za chumba kimoja, mtungi nilikuwa naweka uvunguni mwa kitanda ili wageni wasiuone, na dirisha nimeziba kwa ajili ya mbu 🙈 miaka miwili hiyo. Kwa jinsi unavyosema inatambaa chini basi nilikuwa nalala juu ya bwawa. Sasa hivi uko kibarazani kivulini, umesimama, usiku nafunga koki ya mtungini siyo ya jiko tu.

Mleta mada
Dada hiyo ya kuinama naichukua. Fundi, nauliza, koki ikivuja pale shingoni inakazwa au mtungi unabadilishwa? Muuzaji anataka akaze na spana.

Fundi wa Ujiji
Asiguse. Akupe mwingine, huo aurudishe kwa wanaojaza. Na safari hii mwambie boda ausimamishe, akikataa kodi bajaji.